Kitufe cha Lakini

Hapo zamani za juzi, katika nchi ambayo jina lake nimeshauriwa nisilitaje (na mimi nikishauriwa na watu wenye miwani myeusi huwa sibishi), palikuwa na kiongozi aliyependa mno kuwasikiliza watu wake. Aliitwa Mheshimiwa Msikivu Mkuu. Shida yake ilikuwa moja tu: watu wenyewe. Walikuwa wengi, wana makelele, na kila akizuru wilaya kuwasikiliza walimlilia maji, sijui barabara, sijui nini, mpaka daktari wake akamkataza safari hizo kwa usalama wa masikio yake. Basi akafunga safari ya ng'ambo, akarudi na king'amuzi.

Mimi ni fundi wa antena. Yaani nilikuwa. Hapa mtaani Chekeche wananiita Fundi Waya. Nimepanda mapaa yote ya mtaa huu, nageuza antena huku mtu kasimama chini anapiga kelele, "Hapo hapo! Aa, umepitiliza, rudisha!" Siku ilipotoka sheria kwamba antena ni uchochezi na kila nyumba lazima iunganishwe na kebo ya serikali, nilishuka na ngazi yangu na sijapanda tena. Sina kinyongo. Nalisema hili mapema ili mjue ninayoyasimulia nayasimulia kwa moyo mweupe wa mwananchi mwema.

Na king'amuzi chenyewe kilikuwa kizuri, tuseme haki ya Mungu. Cheusi, chembamba, kina taa ya buluu. Zamani televisheni ilisema, sisi tukasikiliza. Sasa, alitufafanulia Waziri wa Usikivu, televisheni itauliza na sisi tutajibu. Humo ndani mlikuwa na programu iliyoitwa Sikio la Taifa. Kila jioni kabla ya taarifa ya habari picha ilisimama, na maandishi makubwa yakajaa kwenye kioo: HABARI ZA NYUMBANI? Chini yake: kitufe cha kijani, NZURI. Kitufe chekundu, MBAYA. Usipojibu, king'amuzi kinapiga king'ora mpaka ujibu. Na hakizimiki, kwa sababu hawakukiwekea swichi.

"Majibu yenu," alisema Waziri siku ya uzinduzi, jasho likimtiririka ndani ya suti, "yatasafiri ndani ya waya mpaka mezani kwa Mheshimiwa! Penye Mbaya, serikali itakwenda mbio. Penye Nzuri, serikali haitawasumbua. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ndugu wananchi, serikali yenu si jinga. Inauliza!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikatuwasha.

*

Sasa jamani, ninyi mnajua tunavyosalimiana. Waliotengeneza programu ile ng'ambo hawakujua, na waliojua hawakuulizwa.

Kwetu mtu akikuuliza habari, unajibu nzuri. Hata kama umeshika tama. Nzuri ni adabu tu, ni kumfungulia mtu mlango. Mzigo wako unakuja nyuma yake. Siku nyumba ya Mzee Mwinchande ilipoungua nilikuwapo. Kasimama mbele ya majivu na ndoo tupu mkononi, jirani akapita. "Habari za hapa, mzee?" "Nzuri, mwanangu," akajibu. "Lakini nyumba imeteketea." Ndivyo tulivyolelewa. Anayeanza na mbaya hana malezi.

Basi jioni ile ya kwanza nchi nzima ilibonyeza kijani, kisha ikakaa mkao wa kula, kila mtu na lakini yake mdomoni. Mimi nilikuwa sebuleni kwa jirani yangu, Bi Siwema, muuza vitumbua, mama mmoja mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye ulimi mkali na huruma nyingi. Yeye lakini zake alikuwa amezipanga: bomba limekauka, choo cha shule kimetitia, na zahanati haina hata panadoli. Akabonyeza. Kioo kikaandika: ASANTE. SERIKALI IMESIKIA. Halafu ikaanza taarifa ya habari.

"Hee!" Bi Siwema aliigeuza rimoti, akaitazama mgongoni. "Fundi, mbona hakijaningoja? Mimi nimejibu salamu tu!"

"Labda lakini zinakuja kesho," nikamwambia.

Kesho yake yalikuja matokeo. Nyumba zote, nchi nzima, mia kwa mia: Nzuri. Mheshimiwa alilia hadharani kwa furaha. Mawaziri walicheza. Wataalamu wakaja kutoka nchi jirani kujifunza tumefanyaje. Na serikali, kwa kuwa ni ya watu waungwana wanaotimiza ahadi, ikaanza kutotusumbua. Gari la maji likaondolewa. Mabati yaliyokuwa yamekuja kwa ajili ya shule yakarudi yalikotoka. Mwisho wakaja kufunga zahanati. Mkunga wetu, Sista Leokadia, mama wa watu aliyepokea nusu ya watoto wa Chekeche, akapakiwa kwenye gari na mizani yake na kuhamishiwa hospitali ya wilaya.

"Dawa ni za wagonjwa," Waziri alieleza kwenye televisheni. "Wagonjwa wako wapi? Wananchi wenyewe wamesema ni Nzuri. Au mnataka tuwaite wananchi waongo?"

Hatukutaka.

Mtauliza, si mngebonyeza chekundu? Ndugu zangu, mtu mmoja alibonyeza. Bwana Ndimbo wa nyumba ya kona, fundi seremala, mtu mpole tu, alikaza moyo akabonyeza MBAYA kwa sababu paa lilikuwa linavuja juu ya mtoto. Kioo kikageuka chekundu chote. Kikamuuliza: NANI AMEIHARIBU NYUMBA HII? Chini yake yakajipanga majina ya kuchagua, nayo yalikuwa ya watu walioandikishwa nyumba ile tu: yeye, mkewe, watoto wao na mama yake mzazi. Alitafuta kwingine. Hakukuwa na kwingine. Hakukuwa na kurudi nyuma pia, na king'ora kilikuwa kinalia. Ndimbo akajichagua mwenyewe. Serikali ilikwenda mbio kama ilivyoahidi. Walimchukua kabla uji haujaiva. Paa bado linavuja.

*

Bi Siwema alikuwa na mtoto mmoja duniani, Mosi. Wa pili hakuja. Binti wa watu alikuwa na kicheko kile cha kumfanya mtu akae chini, na akicheka yeye hata anayekudai anasahau alichofuata. Mumewe alikuwa migodini kusini, na Mosi alikuwa na mimba kubwa. Nilimpenda yule binti kama wangu, nalisema wazi.

Kabla ya kuondoka, Sista Leokadia alimshika Bi Siwema mkono, mguu mmoja tayari uko garini. "Mama, Mosi anavimba miguu na presha inapanda. Hiki kinaelekea kifafa cha mimba. Asije akajifungulia nyumbani. Mlete hospitali mapema, alale pale pale hadi ajifungue. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mwanangu."

Bi Siwema na Mosi wakaenda. Nami niliwasindikiza. Kwenye mapokezi ya hospitali ya wilaya alikuwapo kijana wa shati lililopigwa pasi, na king'amuzi mezani. Mlango wa wodi ulikuwa wa kioo, unaofunguliwa na mfumo wenyewe, bila funguo. Kijana akaandika jina la Bi Siwema, akakunja uso.

"Mama, nyumba yenu inaonyesha Nzuri."

"Ile ilikuwa salamu, baba."

"Hapa haijaandikwa salamu. Imeandikwa Nzuri. Sasa mgonjwa katika nyumba Nzuri ametoka wapi?" Akashusha sauti, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwoga tu. "Mama yangu, mwenzangu aliyekaa kiti hiki alimpokea mgonjwa wa Nzuri. Hayupo tena. Nendeni mkabadilishe jibu, mkirudi mlango utafunguka wenyewe."

Jioni ile Bi Siwema alikaa na rimoti mapajani, kidole juu ya chekundu. "Nitajitaja mimi," akasema. "Wanichukue mimi, wewe upate kitanda."

"Mama, wewe ukichukuliwa, nani atanishika nikizaa?" Mosi alimpokonya rimoti taratibu. Uso umemvimba, lakini bado alitabasamu. "Si ungewaambia tu waweke kitufe cha lakini? Watu wenyewe waungwana."

Alikuwa anatania. Ila Bi Siwema hakulichukulia utani. Asubuhi alijifunga khanga yake nzuri, akanigongea mlango. "Fundi, twende Wizarani. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

*

Wizara ya Usikivu ni jengo refu lisilo na madirisha, ili kelele za nje zisiwavuruge wanaosikiliza. Tulipokewa, baada ya kungoja mpaka viti vikatuchosha, na Dakta Kapalata, Mkurugenzi wa Vitufe. Mtu mnene, amelifunga shavu moja kwa leso.

"Karibuni, karibuni! Habari za huko, mama?"

"Nzuri, baba, lakini..."

"Safi sana!" Akaegemea kiti. "Huo ndio moyo tunaoutaka. Na nyumbani?"

"Nzuri, lakini mwanangu..."

"Vizuri, vizuri. Na mzee, habari za kazi?"

"Nzuri," nikajibu. Ndugu zangu, limetoka lenyewe. "Na wewe, Mheshimiwa Mkurugenzi, habari za hapa?"

"Aa, nzuri tu, lakini hili jino! Wiki nzima sijalala. Linapiga mpaka kwenye sikio, najuta kuzaliwa."

Bi Siwema akasimama. "Umeona?" akasema. "Umeona, baba? Hiyo lakini uliyonipa mimi sasa hivi, ndiyo ninayoitaka. Nimekuja kuiomba. Wekeni kitufe cha tatu. Nzuri, Mbaya, na Lakini. Mwanangu ana kifafa cha mimba, na hospitali inanifukuza kwa sababu nina adabu."

Dakta Kapalata akashika shavu lake, akafikiri. Sitasema uongo, nilimwona akifikiri. Kisha akatueleza kwa upole kwamba kitufe hakiwekwi hivihivi. Kwanza mfumo ni wa ng'ambo, na wenyewe wakiulizwa watataka kujua hiyo lakini kazi yake nini, maana kwao mtu akiwa mgonjwa anasema ni mgonjwa. Halafu ipo Tume ya Maneno. Alituchukua tukaisikilize, maana ilikuwa kikaoni chumba cha pili.

Wazee watano waliovaa tai walikuwa wanajadili neno lenyewe. Kumbe Bi Siwema hakuwa wa kwanza kulalamika.

"Lakini ni neno lililokuja na majahazi ya wageni," alisema mwenyekiti, profesa mwenye mvi. "Hali kadhalika bali. Hali kadhalika ila. Nimechunguza lugha zetu zote za asili kutafuta neno safi la kupinga, na wapi! Hii ina maana gani, waheshimiwa? Ina maana mababu zetu hawakuwa na la kupinga!"

Wakampigia meza.

"Prof, bibi yangu kijijini alikuwa akisema..." alianza mjumbe mmoja.

"Bibi yako alikuwa na pingamizi?"

"Hapana, Prof. Nafuta kauli."

Bi Siwema akaingia katikati yao, kwa khanga yake, bila kuitwa. "Waheshimiwa, shikamooni. Mimi sitaki kupinga. Mimi nataka kumalizia sentensi."

Hapo ajabu ikatokea: Dakta Kapalata alilipenda lile neno la kumalizia sentensi. Alilinukuu, akalipeleka juu kama lake, na juu wakalipenda. Ikatangazwa kwamba Mheshimiwa Msikivu Mkuu, kwa huruma yake, Siku ya Usikivu atawazawadia wananchi kitufe cha rangi ya chungwa. Masasisho yataingia yenyewe ndani ya kila king'amuzi nchini. Nchi nzima ilifurahi. Watu walikumbatiana barabarani. Mosi aliposikia alicheka mpaka akashika tumbo. "Mama, umewatia lakini serikalini!" Bi Siwema akaanza kuhesabu kwa vidole, siku ya kitufe na siku ya mtoto, akaona zinakaribiana lakini kitufe kinatangulia. Akamshukuru Mungu.

*

Siku ya Usikivu masasisho yalianza asubuhi. Kwenye kila kioo nchini paliandikwa: MASASISHO YANAENDELEA. TAFADHALI USIFANYE CHOCHOTE. Chini yake mstari wa kijani ukajivuta polepole, ukijaza kisanduku cheupe. Kwenye redio Mheshimiwa alikuwa anahutubia uwanjani. Alisema yeye haogopi lakini. Alisema viongozi wa nchi nyingine wanaogopa lakini, ndiyo maana nchi zao zina matatizo.

Mchana Mosi akasema kichwa kinampasuka. Kisha akasema, "Mama, naona vimulimuli."

Bi Siwema hakungoja kitufe wala nini. Tulimpakia kwenye bajaji ya kijana wa jirani, mimi nimemshika miguu, tukaenda hospitali. Kijana wa shati la pasi alikuwa pale pale.

"Fungua mlango," Bi Siwema akasema.

"Mama, mfumo unasasishwa. Mlango haufunguki mpaka umalizike. Kaeni kidogo, si muda." Akaonyesha kioo. Mstari ulikuwa umefika mwisho kabisa, umebakiza unywele. "Ona, unamalizia. Na leo ndiyo siku yenu, ile lakini inakuja."

Tukamlaza Mosi kwenye benchi. Ule unywele ulikaa pale pale. Nikakitazama kile kioo mpaka macho yakaniuma. Upande wa pili wa mlango wa kioo akatokea Sista Leokadia. Alimwona Mosi. Aliusukuma mlango, akaupiga kwa viganja, tukaona mdomo wake unasema maneno ambayo hatukuyasikia. Alikuwa na sindano mkononi, tayari.

Mosi akaanza kukakamaa. Meno yakakaza, macho yakageuka. Bi Siwema alimkumbatia kichwa, akawa anaita, "Mosi! Mosi wangu! Mama yuko hapa!" Mimi nilimkamata yule kijana kwenye kola. "Fungua!" Naye analia, machozi kabisa. "Haufunguki, mzee! Wallahi haufunguki, mimi mwenyewe sina ufunguo!"

Hapo kisanduku kikajaa. Muziki wa furaha ukapiga, kijana akaandika haraka jina la Bi Siwema. HABARI ZA NYUMBANI? Nzuri, Mbaya, na katikati, rangi ya chungwa, LAKINI.

Bi Siwema aliruka mezani akakibonyeza kwa kiganja kizima.

Kioo kikaandika: ASANTE. CHAGUA LAKINI YAKO. Chini yake: Nzuri, lakini nashukuru. Nzuri, lakini sina la kuongeza. Nzuri, lakini ingekuwa mbaya chini ya uongozi mwingine.

Sista Leokadia alivunja kioo cha mlango kwa kigoda. Alipita katikati ya vigae vya kioo, mikono inavuja damu, akapiga magoti, akachoma sindano, akamkandamiza Mosi kifua, akamkandamiza, akamkandamiza. Kisha akaacha, akaweka sikio kwenye tumbo. Alikaa hivyo muda mrefu. Aliponyanyua uso sikuhitaji kuuliza.

Wote wawili. Mama na mtoto wake.

*

Tulizika kesho yake. Matanga yalikuwa kwa Bi Siwema, wanawake ndani kwenye mikeka, sisi wanaume nje chini ya turubai. Tulifunika televisheni kwa shuka, kama ilivyo desturi ya msiba. Ilikuwa inapiga king'ora chini ya shuka mpaka mtu akaenda kuijibu. Alibonyeza kijani, maskini, angefanyaje.

Siku ya tatu, jioni, magari yakapiga breki nje. Akashuka Dakta Kapalata, jino lake limeshang'olewa, na nyuma yake watu wa kamera, taa kali, na king'amuzi kilichopakwa rangi ya dhahabu juu ya mto wa hariri. Kumbe Wizara ilikuwa imetafuta kwenye mfumo ni mwananchi gani wa kwanza nchi nzima aliyetumia kitufe cha Lakini. Alikuwa Bi Siwema. Walikuja kumpa tuzo, moja kwa moja hewani, ndani ya taarifa ya habari.

Hawakujua kuna msiba. Mfumo haukuwaambia. Lakini Dakta Kapalata si mtu wa kukosa adabu. Alipoona mikeka na khanga nyeusi alivua viatu, akainama mlangoni, akatoa salamu kama alivyofundishwa na mama yake.

"Poleni sana. Habari za hapa?"

"Nzuri," tukajibu. Wote. Ndani na nje, sauti moja, hata mabibi waliokuwa wanalia. Limetoka lenyewe.

"Mbaya," akasema Bi Siwema.

Alikuwa amekaa chini, amenyoosha miguu, khanga kichwani. Hakupaza sauti. Nimeishi miaka mingi, nimezika ndugu, sijawahi kumsikia mtu mzima akijibu salamu hivyo. Mtu wa kamera akashusha kamera, kisha akakumbuka kazi yake, akaipandisha.

Dakta Kapalata akacheka kidogo, akadhani hakusikika. "Habari za hapa, mama?"

"Mbaya."

"Vizuri, vizuri," akasema, kwa mazoea, na papo hapo nikamwona anakisikia alichosema. Akageukia kamera, akageuka tena. Jasho likamtoka. "Mama... Mama anamaanisha nzuri, lakini..."

"Sikusema nzuri."

"Mama yangu," akamnong'oneza, na kipaza sauti kilikuwa kifuani kwake, hivyo alimnong'oneza mbele ya taifa zima, "mimi sikukuuliza. Nilikusalimu tu."

Bi Siwema akamtazama. "Basi usinisalimu," akasema.

Dakta Kapalata alibaki ameinama, mkono umenyooshwa, hajui auweke wapi. Mwisho akavaa viatu vyake, kimoja kikaingia mguu usio wake, akaondoka hivyohivyo. King'amuzi cha dhahabu walikisahau pale mlangoni, juu ya mto wake.

*

Kwa kuwa mimi ni mwananchi mwema, nitamalizia kwa habari za maendeleo.

Bi Siwema aliitwa Wizarani keshokutwa yake, kwa heshima zote, na gari lililofunikwa vioo, akasaidie kuboresha mfumo. Hajarudi. Mfumo ule ni mkubwa, bila shaka kazi ni nyingi. Nimekwenda kumuulizia, mlinzi akaniambia hali yake inaonyesha Nzuri. Kaburi la Mosi nalipalilia mimi.

Masasisho mapya yameshaingia. Serikali imetuonea huruma: sasa hatubonyezi tena. Jioni likitokea swali, jibu linakuja limeshajazwa, na taarifa ya habari inaendelea bila kukatika. Waziri amesema nchi imefikia kiwango cha juu kabisa cha kusikilizwa.

Ila kuna jambo moja mfumo haujaling'amua, na mimi sitakwenda kulisema. Mtaani kwetu salamu imebadilika. Hakuna aliyeitisha kikao wala kupiga mbiu. Ilianza matangani, siku zilezile, ikaenda nyumba kwa nyumba, sokoni, msikitini, kanisani, mpaka watoto wa shule wameishika. Asubuhi nikifungua mlango, Mzee Mwinchande anapita na ndoo yake. Haniulizi habari. Ananiambia, "Pole, Fundi."

Nami namjibu, "Nawe pole, mzee." Halafu tunasimama, na kila mmoja anamweleza mwenzake kilichompata.